Kwato za Arobaini na Saba

Hakimu wa kijeshi Hellwege alikuwa akipakia vitabu vyake vya sheria kwenye sanduku la mbao, na jalada la kesi alilisukuma mezani kwa kiwiko kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa imejaa.

"Utoro," alisema. "Gerke Ommen, dereva wa mkokoteni, kombania ya sita. Nasikiliza kesi saa kumi jioni. Kesho asubuhi divisheni inapanda treni kwenda mashariki, kwa hiyo usiniletee habari za keshokutwa."

Sajini Ottokar Dreesen alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Kabla ya vita alikuwa mpelelezi wa polisi mjini Bremen, na kule kesi ya kuku aliyeibwa ilipewa wiki nzima.

"Na akipatikana na hatia?"

"Nyuma ya uwanja wa shabaha, kabla treni haijaondoka. Jenerali anataka vijana wake waondoke wakiwa wameshaona mfano." Hellwege alijaribu kufunga sanduku, likagoma. "Usinitazame hivyo, Dreesen. Hiyo amri sikuiandika mimi."

Jalada lenyewe lilikuwa na ukurasa mmoja. Jumatatu mchana, askari wawili wa polisi wa kambi walimkamata Ommen kwenye njia panda ya kinu, kilomita kumi na nne magharibi ya kambi ya Wieldorf, akiongoza farasi jike namba hamsini na mbili. Hakuwa na kibali. Mkobani alikuwa na mikate mitatu. Alidai ametumwa na sajini meja wake, Kubitza. Kubitza alipoulizwa alisema hajamtuma mtu. Chini yake pana sahihi mbili na muhuri, basi. Mtu mzima anakwenda kufa kwa karatasi ambayo haitoshi hata kufungia sabuni.

Dreesen alikasirika, na hasira yenyewe hakujua aielekeze kwa nani. Divisheni hii ilikuwa ya nne kuundwa Wieldorf tangu aletwe pale, na zote ziliundwa kwa mtindo uleule. Amri inatoka Berlin: divisheni fulani itoe kombania moja, nyingine itoe farasi sitini, nyingine itoe wapishi. Sasa, ni kamanda gani ukimwomba mtu atakupa mtu wake mzuri? Anatoa mgonjwa wa tumbo. Anatoa kiziwi, mgomvi, farasi chongo. Wote hao wanamwagwa Wieldorf kwenye tope la Januari, wanapewa mizinga iliyotekwa Ufaransa na mikokoteni iliyookotwa Poland, na baada ya wiki sita wanaambiwa kwamba wao sasa ni divisheni. Ukitaka ushahidi wa tabia ya mtu, unamuuliza nani? Walioanzia pamoja wametawanyika. Asubuhi ile Dreesen aliwauliza wanajeshi kumi na moja wa kombania ya sita habari za Ommen, na tisa walijibu, "Yule mrefu? Simjui, Afande, mimi nimetokea kwingine." Wa kumi alikuwa kiziwi. Wa kumi na moja alidhani anaulizwa habari za chakula.

Akaenda mahabusu.

Ommen alikuwa amekaa kitandani, na magoti yake yalifika karibu na kidevu. Alikuwa Mfrisia wa miaka thelathini na minne, mrefu hata milango ya kambi ilimwinamisha, na kama Wafrisia wenzake alitumia maneno kama mtu anayeyanunua. Aliliona bamba la chuma lililoning'inia kwa mnyororo kifuani mwa Dreesen, lile lililowafanya wanajeshi wawaite polisi wao mbwa wa minyororo, akasimama nusu, akakaa tena.

"Nani alikutuma?"

"Mama."

Katika jeshi lile kila sajini meja aliitwa mama wa kombania, hata akiwa na masharubu. "Kubitza mwenyewe? Kwa mdomo au kwa karatasi?"

"Kwa mdomo, Afande."

"Kwenda wapi?"

"Shamba la Bi Brüning, ng'ambo ya kinu. Nimpeleke Hamsini na Mbili, nirudi na farasi mwingine."

"Kwa nini?"

"Ana mimba."

"Nani ana mimba?"

"Farasi, Afande."

Dreesen alivuta pumzi. "Ommen, leo saa kumi jioni unahukumiwa. Nikikuvuta neno mojamoja kama meno, saa kumi itafika hatujamaliza. Sema kama unamsimulia mtu."

Ommen alifikiri, kisha akasimulia, kwa shida kama anayepanda ngazi. Divisheni iliyoamriwa kutoa farasi ilitoa majike wawili wenye mimba. Kazi ya kuvuta mizinga hawaiwezi. Mama aliwaza, akaona mkulima yeyote angewafurahia, kwa sababu jike mwenye mimba jeshi halimchukui zizini kwa mtu, lakini farasi mzima atachukuliwa tu, leo au kesho. Basi wabadilishane: mkulima apate jike asiyechukuliwa, kombania ipate farasi anayevuta. Jumanne iliyopita Ommen alimpeleka Arobaini na Saba, akarudi na farasi aliyehasiwa, mwenye nguvu. Jumatatu hii akawa anampeleka Hamsini na Mbili.

"Kama ningetaka kutoroka," alimaliza, "si ningetoroka Jumanne?"

Hoja ilikuwa nzuri. Dreesen akageuza ukurasa. "Na mikate mitatu?"

Ommen alitazama ukuta.

"Kilomita kumi na nane kwenda, kumi na nane kurudi. Mikate ya siku tatu ya nini?"

"Mimi ni mrefu, Afande."

Dreesen aliandika jibu hilo kama lilivyo, kalamu ikikwaruza karatasi, akatoka bila kuaga.

Sajini Meja Kubitza alikuwa ofisini mwake, na ofisi ilikuwa safi kupita hospitali. Daftari lake nene lilikuwa limechomekwa kati ya vifungo vya koti, mahali ambapo kila mama wa kombania huliweka. Juu ya meza kalamu za risasi zilipangwa kwa urefu, na mihuri mitatu ilisimama mstari.

"Nimtume wapi?" Kubitza alifoka kabla hajaulizwa. "Treni i karibu kuondoka, mimi nitume madereva kutembea mashambani? Huyo ameona mashariki inakaribia, roho ikamruka. Basi!"

"Anasema jike namba arobaini na saba alimpeleka kwa Bi Brüning wiki iliyopita, akarudi na mwingine."

"Jike!" Kubitza alicheka, lakini macho hayakucheka. "Arobaini na Saba? Sajini, nenda bandani. Inama. Tazama chini ya tumbo. Ukiona ni jike, njoo univue vyeo hapa hapa."

"Nikitaka orodha ya farasi?"

"Anayo daktari wa farasi. Amekwenda jana na treni ya kwanza."

"Nakala?"

"Nakala ameipakia katika sanduku lake. Mtu makini sana, daktari wetu."

Dreesen alikwenda bandani, akainama. Arobaini na Saba hakuwa jike. Alikuwa farasi wa kahawia aliyehasiwa, mgongo mpana, meno mazima, na alimtazama Dreesen akitafuna nyasi kama mwenye nyumba anayetazama mgeni asiyepiga hodi. Kwenye ukwato wa mguu wa mbele wa kushoto namba 47 ilikuwa imechomwa kwa chuma cha moto, safi, bila kasoro. Kwa yeyote asiyejua habari, hadithi ya Ommen ilikuwa imekufa palepale.

Mhunzi wa farasi, Koplo Pfitzer, mtu wa Swabia mwenye mikono mikubwa, alikuwa akigongomea kiatu cha farasi hatua chache kutoka pale.

"Namba hizi ulichoma wewe?"

"Zote mimi, Afande. Sitini. Siku moja, Januari tarehe ishirini na tano, mara tu waliposhushwa."

"Siku moja zote?"

"Asubuhi mpaka jioni. Mkono huu haukuinuka siku mbili." Alisema kwa fahari. "Na tazama mstari wake. Wengine wanachoma ovyo, namba moja juu, nyingine chini. Mimi hapana. Vidole viwili chini ya manyoya, kila farasi. Vidole viwili kamili! Baba yangu angenifukuza ningefanya vinginevyo."

Dreesen alirudi kwa Arobaini na Saba, akachuchumaa topeni, akaweka vidole vyake kwenye ukwato, kutoka manyoya yanapoishia mpaka namba inapoanzia. Vilikuwa viwili kamili. Akahamia kwa jirani yake, Arobaini na Sita, akapima. Vidole vitatu. Arobaini na Nane, vitatu. Akapima farasi kumi na wawili. Kote vilikuwa vitatu, na farasi wa kumi na wawili akampiga teke la paja, si la nguvu, la kumfahamisha tu.

"Pfitzer," aliita akichechemea, "ukwato wa farasi unakua?"

"Unakua, Afande. Kama kucha ya mtu. Unatoka juu, unashuka."

"Kwa wiki sita unashuka kiasi gani?"

"Upana wa kidole hiv..." Nyundo aliishusha polepole.

"Upana wa kidole," Dreesen alisema. "Farasi hawa wote ulichoma vidole viwili chini ya manyoya, na namba zimeshuka, sasa ziko vitatu. Ila huyu. Huyu ukwato wake umegoma kukua tangu Januari? Au yeye hajafika hapa Januari?"

Mhunzi alitazama mlango, akamtazama farasi, akatazama mkono wake mwenyewe. "Mama alisema nichome tu, nisiulize."

"Ungechoma kidole kimoja chini zaidi, mimi nisingejua kitu."

"Afande!" Pfitzer alishtuka kama aliyetukanwa. "Ningechomaje vidole vitatu? Kazi gani hiyo?"

Dreesen hakujua acheke au amrushie kiatu cha farasi. Alimwandikisha kauli yake, akamtaka atie sahihi. Lakini kauli hiyo ilithibitisha kwamba farasi alibadilishwa Jumanne, si kwamba Ommen alitumwa Jumatatu. Kubitza angesema dereva alijifunza njia safari ya kwanza, akaitumia safari ya pili. Ilibidi kufika shambani. Saa ilikuwa tano na nusu.

Kwenye ghala la petroli, Koplo Zwick alimpa fomu. Fomu ilitaka idadi ya kilomita, mahali pa kwenda, sababu ya safari, na sahihi mbili: ya polisi wa kambi, na ya afisa usafiri wa divisheni inayohusika.

"Afisa usafiri ameondoka jana na treni," Dreesen alisema.

"Basi anayekaimu."

"Nani anakaimu?"

Zwick alipekua orodha, akaweka kidole. "Sajini Meja Kubitza."

Dreesen alitoa neno ambalo mama yake mzazi hakumfundisha. Kisha, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, aliijaza ile fomu kwa ukamilifu, kila mstari, kwa mwandiko wa shuleni, akampelekea Kubitza. Kubitza alisoma: shamba la Brüning, kilomita thelathini na sita kwenda na kurudi, kuhoji shahidi. Uso ulimpauka. Alisoma tena, akitafuta kosa. Aligeuza karatasi, akatazama nyuma. Hakukuwa na kosa.

"Imejazwa sawasawa," alisema hatimaye kwa sauti ndogo, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye muhuri, ukapiga.

Dreesen alipanda pikipiki akiutafakari ule mkono. Mtu anayeshindwa kukataa fomu iliyojazwa vizuri, hata ile ya kumzika mwenyewe. Aliiweka habari hiyo akilini, akatia gia.

Shamba la Brüning lilikuwa mwisho wa barabara ya mchanga. Wapoland wawili wa kazi ya kulazimishwa, wenye herufi P iliyoshonwa kifuani, walikuwa wakipakia samadi, na walipoliona lile bamba la chuma wakainamia samadi yao kana kwamba ndani yake pana dhahabu. Bandani alisimama jike mweusi, tumbo kubwa kama pipa, na ukwato wake wa mbele wa kushoto ulikuwa umepigwa tupa mpaka ukawa mweupe.

Bi Almuth Brüning alimpokea jikoni bila kumkaribisha kiti. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, mikono myekundu kwa baridi. Mezani palikuwa na bakuli la viazi vilivyochemshwa na kikapu cha kushonea.

"Jike yule bandani kwako ni wa nani?"

"Wangu."

"Tangu lini?"

"Tangu nimpate."

"Bi Brüning, kuna mtu mahabusu anaitwa Ommen. Leo saa kumi anahukumiwa, na kesho asubuhi watampiga risasi. Anasema alikuja hapa kwa amri. Kama ni kweli, sema sasa. Kama ni uongo, nirudi zangu, petroli yenyewe ni ya kuhesabu."

Rangi ilimpotea. Alishika ukingo wa meza. "Risasi? Kwa farasi?"

"Kwa utoro."

"Alitumwa! Sajini yule mnene mwenye daftari alikuja mwenyewe kwa baiskeli, wiki mbili zilizopita. Tukakubaliana. Jike wawili kwa farasi wangu wawili."

"Neno lako tu halitoshi. Watasema unamtetea."

"Kwani nimesema ni neno langu tu?" Mjane alikasirika sasa, na hasira ilimrudishia rangi. "Sajini, tangu babu ya mume wangu, mnyama hatoki katika zizi hili bila karatasi. Nilimwambia yule bwana: mimi sijui mambo yenu ya jeshini, lakini bila stakabadhi, farasi hatoki. Akavuta daftari lake, akaandika."

Alifungua droo ya visu, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Dreesen aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi bila kukaribishwa, akaisoma tena. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya risasi iliyochongwa vizuri: kwamba kombania ya sita inabadilishana na Bi A. Brüning majike namba 47 na 52 kwa farasi wawili waliohasiwa; kwamba wa kwanza ataletwa Jumanne na wa pili Jumatatu itakayofuata; kwamba mletaji ni dereva Ommen. Sahihi: Kubitza, sajini meja. Chini, wa duara, uliopigwa sawasawa bila kutia doa, muhuri wa kombania.

"Ameiba mali ya jeshi," Dreesen alisema, "akatoa stakabadhi."

"Muhuri ulikuwa mfukoni mwake," mjane alisema. "Sikumwomba. Alipiga mwenyewe."

Dreesen alijipangusa uso. Miaka kumi na saba ya upelelezi, na hakupata kuona mwizi wa namba na tarehe. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akainuka. Ndipo alipokiona kilichokuwa kikapuni chini ya soksi.

Ilikuwa suruali nyeusi ya kanisani, ya mwanamume. Pindo za miguu zilikuwa zimefumuliwa, na kwa chini kilikuwa kimeungwa kipande cha kitambaa kingine, chenye upana wa shubiri nzima. Mguu mmoja ulishakamilika, wa pili ulikuwa na sindano ndani yake. Dreesen aliinua macho ukutani. Palikuwa na picha ya harusi yenye utepe mweusi pembeni: marehemu Brüning, aliyebaki Urusi majira ya baridi ya kwanza, kichwa chake kilifika kwenye sikio la mkewe.

Akakumbuka mikate mitatu. Akakumbuka magoti yaliyofika kidevuni.

"Ommen alianza kuja hapa lini?" aliuliza.

"Januari. Kuchukua nyasi za farasi. Kila Alhamisi." Bi Brüning alikuwa ameona macho yake yalipokwenda, na hakuificha suruali. Alisimama mbele yake tu, mikono imekunjwa. "Hapa pana kazi ya watu sita. Anajua wanyama. Hapigi kelele."

Dreesen alihisi hasira ya asubuhi ikimrudia, safari hii bila hata karatasi ya kuielekezea. Kwa hiyo kweli zilikuwa mbili. Mtu alitumwa kwa amri, tena ya muhuri. Na mtu huyohuyo, akishafika kwa amri, hakukusudia kurudi. Mahakama ingetosheka na mojawapo. Ni juu yake kuchagua ipi iingie jaladani.

"Mwenzangu mwingine akipita hapa," alisema, "hatatazama picha ukutani kwanza. Atauliza suruali ya nani, na hatakuwa na subira kama mimi. Pandisha hilo pindo leo leo. Lirudi lilivyokuwa."

"Mtamwachia?"

"Atakwenda na wenzake."

"Mashariki."

"Mashariki, Bi Brüning. Ndiko divisheni inakokwenda."

Mjane alivuta sindano kutoka kitambaani, akaichomeka kwenye kifua cha gauni lake. Hakusema ahsante, na Dreesen hakuingoja.

Alifika mahakamani zikiwa zimebaki dakika ishirini. Hellwege alisoma kauli ya mhunzi, akasoma stakabadhi, akaiinua dhidi ya dirisha kama noti ya bandia. Kubitza aliitwa. Aliiona karatasi ile kutoka mlangoni, akavua kofia.

"Huu ni muhuri wako?"

"Ndiyo, Bwana Hakimu."

"Unafanya jambo la siri, la kukufikisha gerezani, halafu unaliandika, unalitia tarehe, unalipiga muhuri?"

"Yule mama alisema bila karatasi farasi hatoki." Kubitza alikuwa karibu kulia. "Ningefanyaje? Mizinga haivutwi na majike wenye mimba, Bwana Hakimu. Walitupa takataka! Kila divisheni imetupa takataka zake, na mimi naambiwa niwe tayari tarehe kumi. Nilitaka kombania yangu iende, basi."

"Na Ommen ungemwacha afe?"

Kubitza aligeuza kofia mikononi. Kwa hilo hakuwa na fomu.

"Mikate mitatu," Hellwege alisema, akigeukia Dreesen. "Umeielewa vipi?"

Ommen, kati ya walinzi wawili, alitazama sakafu.

"Ni mrefu, Bwana Hakimu," Dreesen alisema.

Hakimu alimtazama muda mrefu kuliko Dreesen alivyopenda. Kisha akachukua kalamu. Utoro haukuthibitika. Kubitza alivuliwa vyeo, akapewa bunduki, aende na kombania ileile kama mwanajeshi wa kawaida. Safari hii sanduku la vitabu likafungwa bila kugoma.

Saa moja asubuhi farasi walikuwa wakipakiwa kwenye reli ya kambi, wanane kila behewa, wanne huku na wanne kule, vichwa vikielekea katikati, ambako madereva hukaa. Ommen alimwongoza Arobaini na Saba juu ya ubao bila kamba kukaza. Alimwona Dreesen, akashuka.

"Hamsini na Mbili?"

"Anabaki kambini. Mwenye mimba hapandishwi treni. Atapelekwa kwa mkulima yeyote."

"Basi yeye na mwenzake wamesalimika." Ommen alisugua pua ya farasi mwingine aliyepita. "Umefika jikoni, Afande?"

"Nimefika."

"Umeiona?"

"Nimeiona. Nimemwambia apandishe pindo."

Filimbi ililia. Kubitza alipita na bunduki begani, akihesabu mabehewa kwa mazoea, ingawa hakuna aliyemtuma. Ommen alipanda, akageuka mlangoni, ameinama kwa sababu ya urefu wake. Kwa mara ya kwanza alisema bila kuvutwa.

"Mwambie asipandishe."

Treni ikaondoka polepole, kama treni zote zenye farasi. Dreesen alisimama mpaka behewa la mwisho lilipopita mnara wa maji. Divisheni tatu alizisindikiza kwenye reli ile kabla ya hii, na hakuna hata mtu mmoja wa divisheni hizo aliyerudi kumlalamikia jambo. Akageuka, akaenda ghala la petroli.

Zwick alikuwa akifagia. "Tena? Fomu ni ileile, ila sahihi moja inatosha. Divisheni haipo." Akalowesha kalamu ulimini. "Unakwenda wapi?"

"Shamba la Brüning."

"Kesi si ilikwisha jana? Sababu ya safari?"

"Andika: kurekebisha kauli."

"Kauli ya nani?"

"Yangu."